Ombi la Makaburi Mawili kwa Marehemu Mmoja

Wilhelmina Ndalahwa,
Maturubai na Viti vya Kukodi,
Mkuyuni, Mwanza.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mazishi ya Kiongozi Wetu Mstaafu, Marehemu Mzee Kashindye.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUGAWANYWA KWA MAREHEMU KABLA YA KUZIKWA

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, marahaba, nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana najua siku hizi mna kazi nyingi. Poleni sana na msiba. Sisi hapa Mkuyuni ni wazima, isipokuwa hatusalimiani.

Mimi ni mama wa nyumbani mwenye shughuli ya kukodisha maturubai na viti. Kwenye harusi nakwenda, kwenye msiba nakwenda, na viti ni vilevile, nabadilisha vitambaa tu. Kwa hiyo nayajua mambo ya kulia na mambo ya kucheka, na sijawahi kuona yakigombania kiti kimoja kama wiki hii. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia kitendo cha marehemu kufariki akiwa mtu mmoja, ilhali alipokuwa hai sote tulimwona kuwa ni wawili. Nitayapanga malalamiko yangu kwa namba ili usichoke.

1. Kuhusu wakati lilipotoka tangazo.

Jumamosi ile tulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yetu Gladness, hapa nyumbani, chini ya turubai langu mwenyewe. Anaolewa na Nathaniel, kijana wa Mwalimu Bagenda. Hao ni Wahaya wa Muleba waliohamia hapa zamani, na nyumba yao iko ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Mume wangu Ndalahwa ni Msukuma wa Kisesa. Wazee hawa wawili wamekopeshana majembe, ngazi na betri za redio kwa miaka mingi, na jambo moja tu ndilo walilokuwa hawalizungumzi, nalo ni Mzee Kashindye. Walikuwa wamekubaliana hivyo bila kukubaliana.

Basi ukafika wakati wa ndafu. Mpishi anaingia na mbuzi mzima aliyebanikwa, kavishwa nyanya na majani mdomoni, na wakwe wamesimama kumpokea kwa kucheza. Hapo mshereheshaji akapokea simu. Akazima muziki, akasema kwamba amepata taarifa ya kusikitisha, Mzee Kashindye amefariki dunia. Na katikati ya neno "amefariki" na neno "dunia", Josepha, mke wa Mwalimu Bagenda na mama mzazi wa bwana harusi, akapiga kigelegele.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia vigelegele vingi katika kazi yangu. Hiki kilikuwa kirefu. Kilianza sisi wengine tukiwa tunaamini kiongozi yu hai, kikaisha akiwa marehemu.

Josepha anasema alikuwa anampigia mbuzi. Ndalahwa anasema tangu azaliwe hajaona mbuzi wa kupigiwa kigelegele cha namna ile. Upande wetu watu wakasimama kimya kwa heshima. Upande wa wakwe waliendelea kukaa, na baadhi walikuwa wanatafuna. Mpishi akabaki katikati na sinia lake, hajui ampeleke mbuzi kwa wafiwa au kwa wenye furaha. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha maua na hakuna aliyemtazama tena.

2. Kuhusu ukweli wa pande zote mbili.

Lalamiko hili ndilo linaloniumiza kichwa. Kama upande mmoja ungekuwa unasema uongo, nisingekusumbua.

Mama mkwe wangu, Bibi Suzana wa Kisesa, alikunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe mpaka akawa na wajukuu. Walipita viongozi wengi wakamwambia maji yako njiani. Mzee Kashindye alipofika alivua viatu, akaingia kwenye tope lile, akachota kwa kiganja na kunywa mbele ya wasaidizi wake, kisha akawaambia na wao wanywe. Kabla ya mavuno bomba lilikuwa linatoka maji. Bibi Suzana mpaka leo akienda kuchota huliamkia lile bomba. Ndalahwa ni mtoto aliyebeba ndoo za bwawa lile kichwani, na mtu akimsema vibaya Kashindye mbele yake ni kama amemtukania mama.

Sasa vuka barabara. Mwalimu Bagenda alikuwa mwalimu mkuu. Siku moja Mzee Kashindye alifanya mkutano wa hadhara na kusema mwenye swali aulize. Bagenda akasimama, akauliza kwa adabu madawati yaliyoahidiwa yameishia wapi. Walikuja watu na gari, wakamchukua palepale huku kipaza sauti bado kiko mkononi mwake. Akiwa ndani, mama yake akafariki kule Muleba. Aliomba ruhusa akamzike, hakupewa. Udongo ambao mtoto wa kwanza humtupia mzazi kaburini ulitupwa na jirani. Alipoachiwa hakuambiwa alikuwa amekosa nini, wala hakurudishwa kazini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mkono uliofungulia maji Kisesa ndio uliomfungia Bagenda mlango, na mimi ni mkwe huku na mzazi mwenza kule. Unaniona nilivyo?

3. Kuhusu kesi ya kigelegele.

Mume wangu alitangaza kwamba harusi haitakuwapo mpaka ijulikane Josepha alimpigia nani. Akaitwa Mzee Mashimba, baba mdogo wa mume wangu, aje kuamua. Mzee Mashimba amewahi kuamua kesi za mipaka ya mashamba na za ng'ombe waliopotea, na aliona hii haiwezi kumshinda. Aliagiza Josepha apige vigelegele viwili mbele ya wazee, kimoja cha mbuzi na kingine cha kufurahia kifo, ili vilinganishwe na kile cha Jumamosi.

Josepha alikataa. Mwalimu Bagenda naye akasema mke wake si tarumbeta. Lakini Nathaniel alimtazama mama yake kwa namna ambayo mama yeyote angesimama, na Josepha akasimama. Akakaza kanga kiunoni, akapiga cha mbuzi.

Kilikuwa kizuri mno. Majirani walitoka wakijibu kwa vigelegele vyao, wakijua harusi imerudi. Mama anayeuza sato pale njiani aliacha beseni lake akaingia uani akicheza, na ilibidi aelezwe kwamba hapa tuko mahakamani.

Kisha akaambiwa apige cha pili. Josepha akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Cha namna hiyo sina, baba. Nimekitafuta siku nyingi, sina."

Mimi nilitamani kikao kiishie pale. Lakini Mzee Mashimba akakohoa, akaamua kwamba ushahidi wa kigelegele kimoja hautoshi, na shauri likaahirishwa mpaka baada ya mazishi.

4. Kuhusu sala.

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani ilikutana kumwombea marehemu. Nusu walikuja kuomba apumzike kwa amani, nusu walikuja kuhakikisha haombewi kupita kiasi. Mwenyekiti wetu Dorotea, ambaye Mungu amemjalia hekima, alifumba macho akasali, "Bwana, umlipe mtumishi wako sawasawa na matendo yake." Pande zote mbili zikaitikia Amina kwa sauti ambayo sijaisikia hata Pasaka. Kisha zikaangaliana kwa mashaka.

Waliporudi nyumbani kila upande ulikuja kwangu kukodi viti kwa siku ileile. Ndalahwa alitaka vya kukaa wanaoomboleza. Vijana wa ng'ambo walitaka vya ibada ya shukrani, na nilipouliza wanashukuru nini wakasema wanashukuru kwa ujumla. Niliwapa wote. Biashara ni biashara, lakini sikulala vizuri.

5. Kuhusu binti yangu.

Gladness amekonda. Gauni lilikwisha kupunguzwa mara moja, sasa linataka kupunguzwa tena. Baba yake alipomwambia avumilie kwa sababu nchi iko kwenye huzuni, alijibu taratibu huku akikunja nguo, "Baba, mimi naolewa na Nathaniel, siolewi na marehemu." Baba yake akatoka nje. Sijui alikwenda kuwaza au kukasirika, maana mume wangu akifanya yote mawili uso wake huwa ule ule.

Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu hizo naleta ombi langu kwenye Kamati yako tukufu.

Naomba marehemu agawanywe. Watolewe Mzee Kashindye wawili, Kashindye wa Maji na Kashindye wa Gari, kila mmoja na cheti chake cha kifo. Wenye kumlilia wa kwanza wamlilie kwa raha zao bila kukatishwa na miguno, na wasiomlilia wa pili wasilazimishwe kusimama. Yachimbwe makaburi mawili. La kwanza liwe huko kwao ufukweni kama mlivyopanga. La pili naona litafaa pale njia panda ya Usagara, kwa kuwa barabara zinaachana hapo na watu wenye maoni tofauti wanaweza kuendelea na safari zao bila kugongana.

Najua mtauliza mwili uende wapi. Nimelifikiria. Mwili uzikwe panapo hamu kubwa zaidi, na jeneza la pili litiwe mawe, ambayo Mwanza hatujapungukiwa. Kila upande uambiwe kwa siri kwamba wa kwao ndio wenye mwili.

Shule iliyopewa jina lake nayo isisumbuliwe. Kwa kuwa watoto wanasoma kwa zamu, zamu ya asubuhi wafundishwe kwamba alikuwa shujaa, na zamu ya mchana wafundishwe kwamba alikuwa dhalimu. Saa ya mapumziko, zamu zote mbili zinapokutana uwanjani, pasiwe na somo la historia, wacheze mpira tu. Mtihani uwe mmoja lakini majibu yote mawili yapewe vema.

Na ili jambo hili lisijirudie, naomba viongozi walio hai waanze kuishi wakiwa wawili tangu sasa. Kila mmoja ateue nusu yake ya kulaumiwa mapema, iwe na ofisi yake na dereva wake, ili siku ya siku tusiharibiane ndafu. Hata sisi wananchi tuko tayari kugawanywa. Mimi mwenyewe najitolea kuwa wa mfano. Nusu yangu iliyobeba ndoo na mama mkwe wangu itasimama kushoto, na nusu yangu iliyopeleka uji kwa Josepha wakati mume wake yuko ndani itasimama kulia. Katikati mtapaacha wazi, nitapitisha viti.

Natumaini ombi hili halina gharama kubwa kuliko hasara tuliyokwisha kuipata. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, wapiga matarumbeta, wachimba kaburi wa kwanza na wa pili, madereva wa msafara, mke wako, na kila anayelia kwa moyo au kwa kazi.

Ni mimi, mama wa bibi harusi asiye na harusi,

Wilhelmina Ndalahwa.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena kwa kisu. Msafara wa marehemu umepita hapa leo asubuhi ukitokea Usagara. Ndalahwa alikuwa amejipanga barabarani tangu alfajiri, suti nyeusi, ili alione jeneza kwa macho yake. Mwalimu Bagenda alitoka akasimama upande wake wa barabara, mikono nyuma, na vijana wakasogea karibu wakidhani atatukana.

Pikipiki za mbele zilipotokea, Bagenda akaanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia mpaka akaanza kuanguka, na Josepha peke yake hakuweza kumshika. Ndalahwa aliona, akavuka barabara mbele ya msafara huku askari wanampigia filimbi, akamdaka mwenzake kwapani na kumuuliza analilia nini, huyu mtu si alimwonea. Bagenda akamjibu, na mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Mzazi mwenzangu, huyu mtu nimekaa naye moyoni kuliko ndugu zangu wote. Kesho nikiamka nitamchukia nani?"

Mume wangu alimshikilia hivyo hivyo, mgongo wake umeelekea barabarani, na gari lenye jeneza likapita nyuma yake. Aliyelisubiri tangu alfajiri hakuliona. Alipogeuka lilikuwa limeshaelekea mjini na vumbi lake, na wala hakuuliza.

Sasa wako ndani kwa Bagenda wanakunywa chai.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sijui tena nani nimwelekeze kaburi lipi. Ombi langu lote nalifuta. Mzikeni akiwa mmoja kama alivyokuja, msimpunguze kitu na msimwongeze kitu. Ila nawaomba kaburi liwe pana kidogo.