Ufunguo Uliokuwa Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Mto umejaa. Nimefika ukingoni saa nne asubuhi na begi, blanketi na sufuria moja, nikakuta maji ya rangi ya chai yanapita na mti mzima, mizizi juu. Ng'ambo ni Mumoni, mlima umejifunika ukungu. Huko juu kuna tangi la maji tulilojenga mwaka jana, na kando ya tangi kuna nyumba ya mlinzi. Chumba kimoja, mabati, mlango wa chuma.

Fundi mkuu wetu, Rashid, alinipigia jana kutoka Mwingi. Mlinzi wa sasa anashuka Ijumaa jioni. Kati yangu na Mutiso, atakayefika kwanza achukue ufunguo na kazi, ya kudumu. Miaka tisa nimelala katika stoo za watu, kichwa juu ya mfuko wa saruji. Sijawahi kuwa na mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwangu. Mke wangu yuko kwetu Budalang'i. Alisema atakuja siku nitakapokuwa na mlango. Hajasema neno lingine tangu Agosti.

Mutiso amefika saa sita. Ni mtu wa Tseikuru, tumechanganya zege pamoja miaka miwili, na sijamwona akiharakisha kitu isipokuwa kula. Ameutazama mto, amevua viatu, ameketi karibu na boma la Kanyiva, mama anayechota maji hapa na punda wake. Akaanza kusokota kamba ya makonge. Nikamwuliza kamba ni ya nini. Akasema hajui bado, lakini ameniona.

Watu wa huku husema nusu ya neno na kukuachia nusu.

Kanyiva amenieleza desturi yao. Maji yakiisha, mchanga hubaki mbichi: juu mkavu, chini uji. Hakuna anayevuka mpaka punda aachiliwe bila mzigo, aende akinusa, afike ng'ambo. Halafu watu hufuata kwato zake. Nimemwambia nimezaliwa kando ya Nzoia, mto wenye maji mwaka mzima na viboko ndani yake. Siwezi kufundishwa mto na punda. Kanyiva akasema punda naye hakuiomba hiyo kazi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimewaza usingizini: daraja. Liko mbali, juu kabisa, lakini pikipiki hufika. Alfajiri nikamwambia Mutiso naenda chooni. Akasema haya.

Saa mbili na nusu nyuma ya pikipiki, mvua usoni. Daraja lipo, zuri, halina hata ufa. Nikavuka nikiimba. Mwendo wa dakika ishirini ng'ambo, barabara ikaingia katika mto mwingine. Mdogo, lakini umejaa vilevile, na huo hauna daraja. Mwenye pikipiki alijua. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimwambia nataka daraja, na daraja amenipa.

Nimerudi saa kumi, mgongo umekwisha. Mutiso ameniuliza kama choo kilikuwa mbali. Kanyiva ameficha uso katika kanga. Kamba ya Mutiso sasa ina urefu wa mtu.

Wamenipa muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumatano, 8 Novemba

Maji yamepungua, yanapita polepole. Hayo ndiyo maji ninayoyajua mimi. Kwetu mtoto wa miaka saba anavuka maji kama haya juu ya chochote kinachoelea.

Kanyiva ana mitungi minane ya plastiki, ile ya lita ishirini. Nimemwambia nitamwoshea yote kwa shukrani ya chakula. Akashangaa, akanisifu mbele ya Mutiso, akasema kumbe mtu wa samaki ana adabu. Nikaibeba hadi nyuma ya mwamba. Nikaifunga minne huku na minne huku, vijiti katikati, fundo la wavuvi, fundo ambalo mtu wa huku hawezi kulifungua hata kwa meno. Kazi safi. Nilijiona niko kwetu. Ilinichukua tangu saa tatu hadi saa nane.

Nilipoinua kichwa, mto haukuwapo.

Maji yaliyobaki yalifika kwenye kifundo cha mguu. Kwetu mto haukuachi ukiwa bado unafunga. Nikaketi juu ya chombo changu hivyo hivyo, nikasukuma kwa mti. Kikasogea hatua mbili, kikakaa. Nikasukuma tena. Akina mama sita waliokuja kuchota maji wakatua ndoo zao ili wacheke vizuri. Mmoja akaniuliza kama nimevua wangapi.

Kanyiva hakucheka. Mafundo yangu yamemshinda, ameyakata kwa panga, na mtungi mmoja umetoboka. Amesema jioni hii nitakula adabu yangu.

Mutiso alinipa nusu ya ndengu zake. Sikusema asante. Mtu anayekuzidi halafu akakulisha anakuzidi mara mbili.

Alhamisi, 9 Novemba

Mchanga mtupu, mweupe, unang'aa. Unaweza kucheza mpira. Nimewauliza tunangoja nini. Kanyiva akasema punda ataachiliwa kesho asubuhi. Kwa nini kesho? Kwa sababu leo amemtazama punda na punda ametazama pembeni.

Hapo nikaelewa. Kanyiva na Mutiso ni ukoo mmoja, mama zao wanatoka kijiji kimoja. Kesho punda atamvusha Mutiso na mimi nitaambiwa ningoje wiki. Nimefanya kazi na watu tisa miaka tisa, najua watu wanavyopanga.

Saa saba walikuwa wanakula. Nikachukua begi na blanketi, nikavaa buti za mpira, nikashuka. Hatua kumi, mgumu kama sakafu. Ishirini, mgumu. Nikageuka niwapungie mkono, na hapo mguu wa kulia ukaingia hadi gotini. Nikausaidia kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukaingia. Kila nilipojivuta, mchanga ulinimeza zaidi, taratibu, kama mtu anayekula bila njaa. Ukafika kiunoni. Ukawa baridi. Nilimwona mke wangu amesimama mahali pasipo na mlango.

Mutiso alikuja kwa tumbo, anatambaa, anasukuma ubao mbele yake. Akanirushia kamba. Alinifunga kwapani, upande wa pili ukafungwa kwa punda, na Kanyiva akamwambia punda neno moja la Kikamba. Nilitoka kama muhogo. Buti zimebaki chini, blanketi pia.

Nikamwambia Mutiso kamba yake imenichubua. Akasema ataizungushia kitambaa.

Ijumaa, 10 Novemba

Punda amevuka saa kumi na mbili asubuhi. Hakwenda moja kwa moja. Alipinda kushoto, akasimama, akanusa, akarudi, akazunguka mahali nilipozama jana kwa heshima kubwa. Mutiso akafuata kwato. Mimi nikafuata Mutiso, miguu mitupu.

Kuupanda mlima ni mwendo wa saa sita. Mutiso aliningoja kila mahali, akanipa maji, akanishika mkono kwenye mawe. Nikaona huyu ananichelewesha makusudi. Njia ilipogawanyika nikamwambia atangulie, nafunga kamba za viatu. Akatazama miguu yangu, akasema haya.

Njia yangu ilikuwa ya mkato. Ilikata hadi kwenye genge. Ukungu ukashuka, baridi ikaniingia mifupani, nikatembea nikishika miti. Nilifika saa kumi na moja. Mlinzi alikuwa ameshaondoka. Mlango wa chuma ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na chai.

Mutiso amefika tangu saa saba. Ufunguo ameuvaa shingoni kwa kipande cha ile kamba.

Jumapili, 12 Novemba

Siku mbili nimelala ndani ya nyumba ya mabati. Mutiso amenipa blanketi lake. Amesema nikae nitakavyo. Nalala nikiutazama ufunguo unapanda na kushuka juu ya kifua chake anavyokoroma. Mke wangu ameandika, mara ya kwanza tangu Agosti: umepata mlango? Nimemjibu niko ndani. Si uongo.

Leo Rashid amepiga simu. Kuna tangi lingine, kilima kingine, upande tuliotoka. Lina nyumba pia. Atakayefika kwanza Tseikuru Jumanne achukue. Mutiso akasema niende mimi, lakini mvua ilinyesha jana, ningoje Kanyiva amwachilie punda, labda Jumatano.

Jumatano! Ndivyo wanavyotufanya watu wa mbali.

Kutoka huku juu mto unaonekana wote. Nimeuchunguza asubuhi nzima. Kwato za punda huzunguka zunguka, zinapoteza wakati. Lakini karibu na mwamba mkubwa kuna mahali mchanga ni laini, mweupe, sawasawa, hakuna hata unyayo mmoja. Hakuna mnyama aliyewahi kupaharibu. Nitashuka kesho kabla Mutiso hajaamka, nipite hapo.

Mutiso ameketi mlangoni tangu chai. Anasokota kamba nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza. Sijamwuliza ya nini.