Chumba Kimya cha Hoteli

Redio ndogo ya Dada Birika, muuza kahawa, ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Mtangazaji alisema wataalamu wamefanya utafiti wakagundua kwamba mtalii akichagua nchi ya kwenda, kitu cha kwanza anachokitafuta ni utulivu.

"Mmesikia?" Hoteli aliruka kutoka kwenye benchi, kahawa ikammwagikia gotini. "Utulivu! Nilisema nini mimi?"

Hoteli ni fundi redio. Jina hilo alibandikwa pale kijiweni tangu alipokipaka rangi chumba cha nyuma cha nyumba yake, akakipiga picha na kukitia mtandaoni ili watalii wakodi. Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa na mwenyewe, naye ni mama mkwe wake. Hoteli alimwambia mkewe kuwa wageni hawapendi kelele, na mama yule akianza kusema asubuhi, mtaa mzima unaamka. Basi mama akahamishiwa nyumbani kwa binti yake mdogo na mumewe, akaondoka na mto wake na maneno yake yote. Mke alikubali kwa shingo upande: wageni wakija, sawa, wasipokaa, Hoteli atajua mwenyewe pa kulala.

Mgeni wa kwanza alikuja kweli, mama wa makamo kutoka nchi za baridi, akakodi kwa mwezi mzima. Wiki haijaisha, jana jioni akasema anafikiria kuondoka. Hoteli alikesha akihesabu mabati.

"Utulivu gani bwana!" alifoka Kipaza, kinyozi ambaye hata akinong'ona mteja hushtuka. "Mtalii anafuata jua! Kwao jua likitoka watu wanapigiana simu."

"Wewe umefika kwao?"

"Nimemnyoa mtu aliyefika!"

Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajapata kukubali hukumu yoyote duniani, aliinua kidole. "Napinga. Mtalii anafuata picha. Anapanda ndege, anashuka, anaupa mlima mgongo, anajipiga picha, anarudi. Mlima wenyewe hajauona."

"Sasa si ajipigie hukohuko kwao, mzee wangu?" Kipaza aliuliza.

"Kwao majirani wataujua mlima."

Dada Birika alicheka huku akisuuza vikombe. "Mimi naona wanakimbia tu, kama nyinyi. Nyinyi nyumba zikiwachosha mnakuja kwenye benchi langu. Wenzenu wana nauli. Au wewe Kipaza, mkeo anajua uko hapa?"

"Anajua niko kazini."

"Na wateja wako?"

"Wanajua niko nyumbani."

Hoteli hakucheka. Roho yake ilikuwa juujuu. "Jamani, mimi nimemtafutia yule mgeni kimya cha kila namna. Milango nimeitia mafuta. Watoto wanatembea kwa soksi. Jana mke wangu alipiga chafya, nikamtolea macho. Hata jogoo wa jirani nimemnyamazisha!"

"Jogoo unamnyamazishaje?"

"Nilimnunua."

"Halafu?"

"Nikamla. Taratibu, bila kutafuna mifupa."

"Ndugu yangu," Kipaza alisema, "hapo hukufungua hoteli. Umefungua chumba cha maiti."

"Napinga," alidakia Mzee Rufaa. "Hata maiti ana wa kumlilia."

Kicheko kilikatika ghafla. Mgeni mwenyewe alikuwa anakuja, simu mkononi, kofia pana kichwani. Alisimama mbele ya benchi akasalimia kwa Kiswahili cha darasani, kilichopigwa pasi.

"Hamjambo, mabwana na bibi. Bwana mwenye nyumba, naomba kuuliza. Niliogopa kuuliza mapema kwa sababu labda nyumbani kwenu kuna msiba."

Aligeuza simu. Ilikuwa picha ile ile ya chumba: kitanda, pazia, ukuta mpya. Na dirishani, kwa nje, mama mkwe wa Hoteli, mwiko mkononi, mdomo wazi, kidole kimemwelekea mpiga picha. Hoteli alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi, lakini macho yake hayakuwahi kuvuka kitanda.

"Mama huyu amefariki?"

"Hapana! Yuko... yuko safarini."

"Ah!" Mgeni alishika kifua. "Niliona vyumba vingi sana. Vyote vizuri, vyote havina mtu. Hiki kilikuwa na mama anayegomba. Nikasema, hapa ndipo. Mama yangu alikuwa hivi. Tangu alipofariki, nyumbani kwangu linalonisemesha ni jokofu peke yake. Nimesoma Kiswahili ili nikigombezwa nielewe. Sasa nimefika, nimekuta kimya kilekile nilichokiacha."

Dada Birika alijifuta macho kwa kona ya kanga. Hoteli aliona aibu, aibu ya kweli, akakosa pa kuweka mikono.

"Piga simu," Kipaza alimwamuru. "Mwambie mama mkwe amekuwa kivutio. Na uweke sauti ya juu."

Hoteli alibonyeza namba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mkweo, mama."

"Mkwe yupi? Huyu aliyenipokea au yule aliyenitoa?"

Mzee Rufaa alitaka kupinga, akashindwa.

"Mama, nisamehe. Kuna mgeni amevuka bahari kwa ajili yako."

"Amekula?"

"Amekula mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate... tu."

Hapo ndipo yalipomwagika. Mkate mtupu! Mtu atoke kwao apewe mkate mtupu kama mgonjwa! Mama alianza na mkate, akapitia chumba, akarudi nyuma mpaka siku ya posa. Mgeni alikuwa amefumba macho, anatabasamu kama mtu anayeoga maji ya moto baada ya safari ndefu.

"Basi mama, rudi nyumbani," Hoteli aliomba. "Chumba ni chako."

"Mwanangu kanisimulia. Nirudi kwenye nyumba isiyoruhusu chafya? Sirudi. Mlete mwenzangu huku, kuna kitanda kando ya changu. Ukimfikisha, piga hodi, weka begi, ondoka."

"Nimeelewa yote!" mgeni alisema kwa furaha, na tayari alikuwa anatangulia.

Nyumbani Hoteli alikuta mabegi mawili mlangoni. La pili alilijua.

"Mama kanipigia," mkewe alisema, akimfunga mtoto kamba za viatu. "Mgeni atahitaji mtu wa kumfafanulia yale mazito. Na watoto nao wamemkumbuka bibi yao."

"Na mimi?"

"Wewe si una chumba?"

Jioni Hoteli alirudi kijiweni, akawakuta wenzake wanasimama kuondoka, Dada Birika anamwaga maji ya vikombe.

"Kaeni basi kidogo," aliwaomba. "Tumalizie ile habari ya watalii."

"Haiwezekani, kaka," Kipaza alisema, akajikung'uta suruali kwa maringo ambayo asubuhi hakuwa nayo. "Nikichelewa, nyumbani kwangu nagombezwa."