Yah: Ombi la Kutozima Swichi Kubwa

Jumatatu, 14 Februari 2000. Makambako.

CD imefika! Shemeji yake mwajiri wangu Mzee Miraji, dereva wa lori, ameileta kutoka Dar es Salaam ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga. Ni mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori milimani. Mzee Miraji anataka vijana wa stendi waje kuucheza hapa dukani, katikati ya madaftari na fotokopi. Ametangaza kwamba atakayeufanya ufunguke kabla ya Jumamosi ndiye atakayekabidhiwa kiti cha kompyuta. Mwingine atabaki na fotokopi.

Tuko wawili. Mimi, Rejoice, niliyemaliza kidato cha nne Novemba na bado nangoja matokeo. Na Shamimu, mpwa wake Mzee Miraji, anayechapa kwa vidole vyote kumi huku akitazama barabarani. Mimi nachapa kwa viwili. Lakini nasoma maelekezo.

Lazima nikipate kiti. Baba anakuja Ijumaa kutoka Yakobi kuona kama hii ni kazi kweli. Akikuta nauza penseli, narudi naye kuvuna viazi. Akinikuta kwenye kompyuta, hatathubutu kunichukua. Au atathubutu. Baba ni Baba.

Jumanne, 15 Februari.

Shamimu alitangulia. Ikatokea picha ya lori, kisha giza. Mara tatu. Akaipiga kompyuta kofi la bega na kusema CD ni feki kama shemeji mwenyewe.

Mimi nikafungua kijitabu kilichokuja nayo, kamusi mkononi. Ukurasa wa pili! Kabla ya kucheza, hakikisha bayosi yako si ya zamani. Bayosi ni programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya kompyuta na kuiamsha kila inapowashwa. Ikiwa imezeeka, iwekwe mpya.

Tarehe yake hupita pembeni ya kioo mara tu ukiwasha, kama panya anayekatiza sebule. Nimewasha na kuzima mara kumi na moja ndipo nikaisoma yote: 1996. Imezeeka! Mzee Miraji akauliza kama ninaifua hiyo kompyuta. Shamimu akanijibia kwamba natafuta mchumba humo ndani. Kijitabu nimekificha chini ya karatasi za kaboni.

Jumatano, 16 Februari.

Nimetumwa Njombe kuchukua karatasi za fotokopi. Bahati! Huko yuko fundi Polikarpo, aliyemuuzia Mzee Miraji kompyuta na kubaki na nyingine, pacha wake. Nilisimama mlangoni kwake dakika ishirini nikisoma tangazo la dawa ya kuku. Mwishowe akatoka kuniuliza nina kuku wangapi. Nikampa karatasi yenye maswali yangu manne.

Alicheka, akanipa disketi yenye bayosi mpya. Kazi yenyewe ni dakika saba. Ila akaniinulia kidole: umeme ukikatika hata sekunde moja katikati, kompyuta haitaamka tena. “Umefunga jeneza, binti.” Nikamshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Alhamisi, 17 Februari.

Tatizo. Duka huwa tupu Ijumaa mchana tu, Mzee Miraji akiwa msikitini na Shamimu nyumbani akipika. Mimi hubaki kulinda. Lakini kila Ijumaa kabla ya kutoka, Mzee Miraji huzima swichi kubwa ya ukutani, tangu pasi ilipomuunguzia kanzu mwaka juzi. Hajawahi kusahau.

Nimwombe aiache? Kwa mdomo? Mbele ya wateja? Afadhali viazi.

Nikamwandikia barua, kama tulivyofundishwa. Anwani mbili, yake na yangu, sanduku la posta lile lile. YAH: OMBI LA KUTOZIMA SWICHI KUBWA SIKU YA IJUMAA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikaiweka mezani kwake, hatua tatu kutoka nilipokaa, nikakimbilia chooni.

Niliporudi alilitangazia duka zima kwamba barua imemfikia salama na ombi limekubaliwa. Shamimu alicheka mpaka akakalia boksi la chaki.

Hakuuliza sababu. Ananiamini. Ingekuwa nafuu angeuliza.

Ijumaa, 18 Februari.

Saa sita na nusu Mzee Miraji alitoka. Swichi hakuigusa! Nikaweka disketi. Nikaomba. Nikabonyeza.

Asilimia kumi. Ishirini. Ekstensheni inayoipa kompyuta umeme iko sakafuni miguuni pangu, taa yake nyekundu inawaka vizuri. Arobaini. Hakuna wingu. Hakuna mteja. Nimeshinda kila kitu!

Hodi. Baba, na gunia dogo la viazi begani. Saa mbili kabla ya muda wake!

Mtoto wa Filemoni hamsalimii baba yake akiwa amekaa. Nikainuka, nikapiga goti. Goti likatua juu ya kitufe cha ekstensheni.

Tik.

Taa nyekundu ikazimika. Kioo kikawa cheusi. Nikabaki hapo chini. Baba akadhani ni heshima, akafurahi sana, akanisalimu kwa Kibena. “Kamwene, mwanangu, kamwene.” Mzee Miraji aliporudi kutoka msikitini, Baba alikuwa bado ananisifu: wiki tano mjini na goti halijakakamaa! Basi, akasema, mji wenu haujamharibu, abaki. Mzee Miraji akajibu kwamba mtoto huyu hata swichi huiombea ruhusa kwa barua.

Baba akauliza mbona ile televisheni imezima. Nikasema imepumzika. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 19 Februari.

Sikulala. Barua ya pili. YAH: KUUA KOMPYUTA. Safari hii sikukimbilia chooni. Mzee Miraji aliisoma mara mbili. Alisema hajawahi kuletewa msiba wenye nakala kwa jalada. Kisha akamwita Shamimu: mpelekeni mgonjwa Njombe.

Tuliipakata kwenye basi kwa zamu. Mvua ilipopenya dirishani, Shamimu aliivulia kanga yake. Kwa Polikarpo aliuliza kwa sauti kubwa kila nilichoogopa kuuliza, mimi nikaandika majibu. Fundi alichomoa kidude cha bayosi, akakipachika kwenye ile kompyuta pacha ikiwa inawaka, akakiandika upya. Ikaamka! Shamimu akanikumbatia. Kisha akaniita muuaji.

Jumatatu, 21 Februari.

Mchezo umefunguka. Malori yanapanda, vijana wamejaa mpaka mlangoni. Kiti kimekwenda kwa Shamimu, ingawa Jumamosi imeshapita, kwani ndiye aliyeufungua dukani. Mimi nimepewa fotokopi. Mzee Miraji anasema ina roho ngumu, haifi.

Lakini nimesoma kijitabu cha hiyo fotokopi. Ukurasa wa thelathini: nayo ina programu ndogo ndani, na yaweza kuwekewa mpya! Shamimu hajui. Nimeshamwandikia Polikarpo.

Itakuwa Ijumaa. Barua ya swichi iko tayari. Baba analeta viazi tena siku hiyo, kwa hiyo nimejifunza: ekstensheni nimeihamishia upande wa pili, mbali kabisa na mlango, pale ninapopiga goti kumwamkia Mzee Miraji.