Mawe Mawili Mbele ya Sumaku

Jumatatu, 4 Machi
Namshukuru Mungu kwa siku mpya. Mawe yameletwa! Mawili, ya mviringo, kama mishumaa minene, wachimbaji wameyakata chini kabisa ardhini. Moja limetoka kiwanjani kwangu, la pili kiwanjani kwa shemeji, kaka yake mke wangu, fundi seremala, mdomo haulali. Penye jiwe bora ndipo kitakapochimbwa kisima cha mtaa mzima. Mama watoto hupanda kilima na madumu mawili kila asubuhi, mgongo umeanza kumsema. Kwa hiyo si tamaa. Ingawa, shajara, wewe sikufichi: mwenye kiwanja ndiye mwenyekiti wa kisima.

Na mawe yatapimwa wapi? Maabara ya sumaku, palepale ninapopiga deki! Mungu ana mipango yake. Daktari wetu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, ana mashine inayotazama ndani ya jiwe bila kulipasua. Asubuhi mawe, mchana misuli ya watu. Mashine ileile! Mwaka wa sita huu, na bado nikiisikia inagonga nasimama wima kama niko ibadani.

Shemeji alipita jioni. Eti ameshaanza kuranda benchi la watu wa foleni ya maji, na mimi atanitengea pale ukingoni.

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Mashine inatafuta maji ndani ya jiwe. Basi jiwe lililokunywa sana ndilo litakaloshinda. Akili ni mali. Kabla Daktari hajafika, jiwe langu lilikuwa ndani ya ndoo ya deki. (Maji safi, bila sabuni. Mimi si mhuni.) Nikaifunika ndoo kwa ubao, nikaikalia kama kuku anayeatamia.

Daktari akaingia. Akauliza, baba, mbona leo umekalia ndoo? Nikasema mgongo. Akanipa pole. Kisha akachukua jiwe la shemeji, akalitia ndani ya chombo cha kioo, akawasha pampu, akanyonya hewa yote, akalijaza maji mpaka tundu la mwisho. Nikauliza, kwa sauti isiyo yangu, ndiyo nini hiyo. Akasema mawe yote hulowekwa kwanza, jiwe kavu halina la kuiambia mashine. Anachopima ni matundu yake. Na lile la pili liko wapi?

Nikainuka. Akatazama ndoo. Akanitazama mimi. Akanishukuru kwa kumwanzia kazi!

Nimetubu. Nusu.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimeona. Daktari aliniruhusu nisimame nyuma yake, baada ya kuvua saa, funguo na mkanda. Suruali niliishika kwa mkono. Akanieleza polepole kama anayemlisha mtoto uji. Ndani ya maji mna chembe ndogo mno, kila moja ni kijisumaku. Sumaku kubwa inazipanga mstari. Yeye anazigonga kwa wimbi la redio, zinayumba, kisha zinarudi mahali pake, na katika kurudi zinatoa mlio. Mlio! Ndani ya jiwe, ambamo jicho halijaingia tangu dunia iumbwe, maji yanaitwa na yanaitika. Nilitaka kuvua kofia kwa heshima. Sikuwa na kofia.

Halafu kwenye skrini, mistari miwili. Wa shemeji ulishuka chapuchapu, kazi imekwisha. Wa kwangu ukajikokota, ukajikokota, kama mtoto aliyetumwa dukani wakati wa mpira. Jiwe vivu! Katika mawe yote ya dunia, Mungu wangu, mimi nikapewa vivu. Daktari akasema hilo ni jaribio tu, kipimo rasmi ni kesho.

Sikula.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya. Kila jiwe lina chupa yake, na kila chupa ina jina la mwenye kiwanja. Daktari alipotoka kupokea simu, mawe yalihama nyumba. Nilisali kwanza, kwa hiyo nadhani si wizi.

Kipimo rasmi: chini ya jina langu, mstari ukateremka kama jiwe lililoangushwa darini! Niliimba njia nzima. Nikampitia shemeji, nikamshauri benchi lake aligeuze kitanda. Akasema vicheko vya mapema huota meno ya kilio. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari ana macho mekundu. Akaniambia, maana hakuna mwingine wa kumwambia, kwamba mawe yamebadilishana tabia kwa siku moja. Jiwe halina tabia hiyo. Basi mashine inadanganya. Na kama imedanganya kwa mawe, imedanganya kwa misuli: watu arobaini, miezi mitatu, wagonjwa waliopandishwa ngazi zetu migongoni mwa ndugu zao. Vipimo vyao vyote atavitupa. Akaiwekea mashine kiganja, kama mtu anayepima homa ya mwanawe.

Nilishika ufagio. Nikauachia. Nikasema ni mimi.

Akaniuliza kama najua mtaa wangu ungechimba vumbi. Nikajibu hapana, sijui, ninachojua ni kwamba jiwe langu ni vivu nami nililionea haya. Akaniangalia, akacheka mpaka akashika meza. Baba, akasema, maji yaliyo kwenye tundu finyu hugusa ukuta kila mara, ndiyo maana hutulia upesi. Yamebanwa, hata uyabembeleze hayatoki. Kwenye tundu pana yana nafasi, yanakawia. Linalokawia ndilo litakalowanywesha.

Nilikuwa nimeshinda tangu Jumatano! Kwa mikono yangu miwili nikamwandikia shemeji kisima!

Ameyarudisha mawe, amepima upya. Mashine ni nzima. Watu arobaini wako salama. Amesema safari nyingine ataniloweka mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari alitaka kuijaribu mashine kwa kiungo cha mtu hai, akasema nina deni la utulivu. Nikaingiza mkono. Ikagonga, ikagonga. Sikusikia maumivu, wala joto, wala chochote.

Kisha nikauona. Mkono wangu huu wa deki, umekatwa vipande vyembamba kama mkate, na hakuna tone la damu. Mfupa mweusi, na ndani yake uboho unang'aa kama taa nyuma ya pazia. Kano zimelala sambamba, hakuna iliyokosea njia. Miaka hamsini na miwili nimeubeba uzuri huu na kuufutia sakafu! Daktari akasema hesabu ni zilezile za jiwe: maji na vyumba vyake. Mimi na jiwe langu, ndugu. Nililia wazi, na yeye akajifanya anatafuta kalamu.

Nimeapa. Hila basi. Aliyeumba mkono kwa uangalifu namna ile anaona kila kitu.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada shemeji alikuja na benchi kichwani. Refu. Akalitua kiwanjani kwangu, akasema maji hayana ukoo, hongera mwenyekiti, ila ukianza kutembea umeinua kidevu nalichukua. Nikamkumbatia. Nilimwambia yote, hata ndoo. Alicheka hadi akapaliwa.

Wachimbaji wanakuja kesho. Wameshapigilia kigingi chekundu kando ya tundu lao la majaribio, kule pembeni kabisa, karibu na ukuta wa jirani. Nimepima: kutoka mlango wa jikoni kwetu ni hatua sitini. Sitini, na dumu mkononi! Mwenyekiti!

Nimesali. Nimefikiri. Mwamba ni uleule, hauwezi kukasirikia hatua hamsini. Kulifukia tundu la majaribio ni makarai mawili tu ya udongo. Mama watoto yuko kwaya hadi saa kumi. Mashine huona mawe, huona nyama. Vigingi haioni.

Natafuta nyundo.