Gari Lisilojua Joto

Msimu ule wa joto ulipoingia, kila mtu mtaani alilalamika kwa namna yake isipokuwa Kivuli. Walimpa jina hilo kwa sababu tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona juani. Jua likihama, naye alihama, kiti chake mkononi. Kazi yake ilikuwa kuosha na kung'arisha magari katika kona ya gereji ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ingawa hapo kwenye "kuosha" tunaomba radhi mapema. Kusema kweli, alikuwa akisimama karibu na ndoo.

Gereji yenyewe ilikuwa mabati juu, mabati ubavuni. Mchana spana iliyosahaulika sakafuni haikushikika bila kitambaa, na mafundi walifanya kazi vifua wazi, matambara mabichi yamewekwa kichwani. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wa Kivuli alikuwa amekihama kitanda, analala kwenye saruji tupu, na asubuhi moja akatoa neno la mwisho huku akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mume wangu, nakupenda. Lakini kwa mama kuna baraza inayopitisha upepo. Nipe kiyoyozi, au nipe nauli."

"Kiyoyozi kitakuja, mke wangu."

"Kama friji ilivyokuja?"

Kivuli alitafuta viatu vyake, maana friji ilikuwa habari ndefu. Alimpenda mkewe, na hilo tuliseme waziwazi, kwa kuwa ndicho kitu pekee mwilini mwake kisichokuwa bandia. Alitoka nyumbani akiwa na hofu ya kweli, na mtu mvivu akipata hofu ya kweli ni wa kuogopwa.

Siku hiyohiyo dereva wa teksi akaingia gerejini, shati limemganda mgongoni. Alishuka akiacha alama yake yote kwenye kiti.

"Watu wanarusha vyombo hadi mwezini," alifoka, "wanashindwa kutengeneza dawa ya kupaka gari lisipate joto?"

Kivuli, aliyekuwa amesinzia nyuma ya rundo la matairi, alifumbua jicho moja.

"Mbona ipo?" akasema.

Haikuwepo, bila shaka. Ikawepo jioni. Alichukua mafuta ya kupikia, akatia polishi kidogo kwa ajili ya harufu, kisha akamalizia na ile dawa ya kuchua wanayopaka wenye maumivu ya mgongo, inayochoma kwa ubaridi. Aliyegusa boneti lililopakwa alihisi baridi ikimpanda vidoleni hadi kwenye kiwiko, akabaki anajitazama mkono. Kivuli aliita mchanganyiko huo Nta ya Baridi, akautia kwenye vikopo vya rangi ya viatu, na madereva wa teksi wakavigombea.

"Ina masharti mawili," aliwaambia kwa sauti ya daktari bingwa. "Kwanza, hukomaa polepole, usiiharakishe. Pili, gari liwe safi kabisa, ndani na nje. Ikibaki punje moja ya vumbi, nta inagoma, na hapo usinitafute."

Ndivyo afanyavyo tapeli mwenye busara: hujenga mlango wa nyuma kabla hajajenga nyumba.

Lakini vikopo ni vikopo, na kiyoyozi ni kiyoyozi. Macho ya Kivuli yakavuka barabara, yakatua kwa Mama Maharusi.

Mama huyo alikuwa akikodisha magari ya harusi, makubwa, meupe, yaliyowahi kuwa na fahari. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na ubahili wake ulijulikana mtaa mzima. Maua yake ya plastiki yalikuwa yamehudhuria harusi nyingi kuliko mpiga picha yeyote. Vipoza hewa vya magari yake vilikufa zamani, akakataa kuvizika wala kuvitibu, na wiki iliyopita bibi harusi mmoja alishuka kanisani vipodozi vimemteremka hadi kwenye kola. Bwana harusi alimtazama mara mbili kabla ya kumpa mkono.

Kivuli alijitayarisha. Alfajiri alikwenda soko la samaki, akanunua mabonge ya barafu, akayapanga chini ya viti na ndani ya buti la gari jeusi ambalo mteja alikuwa ameliacha lioshwe. Juu akatandika zulia. Jua lilipopanda sawasawa, akalisukuma gari hadi mbele ya gereji, akamwita mama aje aketi ndani.

Mama Maharusi aliingia, akafunga mlango, akakaa. Akakaa sana. Kivuli alianza kuwaza kama watu huganda.

"Kuna baridi," mama alisema hatimaye, akishusha kioo kidogo.

"Mimi sisemi kitu, mama yangu. Gari linasema lenyewe."

"Mbona linadondosha maji chini?"

"Hilo ni jasho lake. Nta inalikamua joto, linatoka nje kama maji. Sisi binadamu si tunafanya vivyo hivyo?"

"Kweli." Mama alivuta pumzi puani. "Na hii harufu ya samaki?"

"Mafuta ya nyangumi, mama. Ndiyo siri ya nta. Umewahi kumwona nyangumi akitoka jasho?"

"Sijawahi kumwona nyangumi."

"Unaona sasa!"

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyefunuliwa jambo zito. Akamwambia aje ofisini kwake kesho wazungumze malipo, maana magari yake yote yangepakwa.

Kesho yake Kivuli alipofungua mlango wa ofisi, alipigwa na upepo ambao karibu umtoe machozi. Juu ya meza pembeni kulikuwa na kiyoyozi cha dirishani, sanduku zima, kinanguruma kwa heshima na kupuliza baridi, chini yake beseni linapokea matone. Aliketi mbele yake bila kukaribishwa, akafumba macho. Alisikia kijiharufu cha samaki kikipita, akajua kinatoka kwake mwenyewe kwa ajili ya yale mabonge ya jana, akasogeza kiti mbali na mama kwa adabu.

"Mwanangu, fedha zangu zote zimekaa kwenye harusi za watu," mama alisema. "Lakini nimewaza. Magari yakishakuwa na baridi, mimi ofisi ya nini? Nitahamia garini. Kichukue hiki kiyoyozi, ndiyo malipo yako."

Kivuli aliuzuia uso wake usicheke. "Aa, mama, kitu cha thamani hivi..."

"Kazi ikiisha. Na ikiwa safi, maana mwenyewe umesema, ikibaki punje moja nta inagoma. Sitaki igome, mwanangu. Nitakagua."

Hapo ndipo Kivuli alipotumbukia kwenye mlango wake wa nyuma.

Kupaka mafuta ya kupikia kwenye magari ni kazi ya dakika chache. Kuyasafisha ili yapakwe ni habari nyingine. Na juani haiwezekani, maana polishi ikikutana na bati la moto hukauka papo hapo ikaacha mabaka meupe, kwa hiyo magari yaliingizwa moja moja ndani ya ile tanuri ya mabati, na Kivuli akaingia nayo. Alitoa viti. Alikwangua keki iliyokauka kwenye mikanda, bazoka zilizotafunwa kwenye mazulia, rangi ya midomo kwenye dari, na mtu atajiuliza ilifikaje huko. Alifyonza karatasi za kumetameta za harusi za tangu enzi za wazee wetu. Alipiga mashine ya polishi mpaka mikono ikaendelea kutetemeka hata mashine ikiwa imezimwa. Jasho lilimdondoka puani, likatua kwenye boneti alilotoka kulifuta, likaacha doa, akafuta upya, likadondoka jingine.

"Funga taulo kichwani," shemeji yake alimwelekeza, akiwa ameacha kazi zake zote ili atazame. "Lowesha na lingine uweke shingoni. Kunywa maji kidogokidogo. Shemeji, sikujua una mikono."

"Niache, shemeji."

"Nakuacha vipi? Nimewaita na majirani."

Kila jioni Mama Maharusi alikuja na glavu yake nyeupe ya harusini. Alipitisha kidole chini ya usukani, nyuma ya pedali, kwenye mkunjo wa mlango, akakiinua, wote wawili wakakitazama.

"Vumbi," alisema kwa huzuni. "Nta itagoma."

Naye Kivuli alirudi chini, akilaani mdomo uliotunga masharti. Usiku alijitupa sakafuni karibu na mkewe, na mkewe alimpapasa viganja vilivyochubuka, akashangaa.

"Safari hii unafanya kazi kweli?"

"Kwa ajili yako," Kivuli alisema, na ajabu ni kwamba haukuwa uongo. Mkewe alilia kidogo gizani kwa furaha.

Siku glavu ilipotoka nyeupe, Kivuli alipaka nta yake upesiupesi, mguu mmoja tayari uko njiani. Alijua jua la siku mbili tatu litamuumbua, kwa hiyo alitaka mzigo wake mara moja. Mama hakumzuia.

"Hakikisha mwenyewe," alisema, akikiwasha kiyoyozi. Kikanguruma, kikapuliza baridi ya kuumiza meno. "Usije ukasema nimekuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila usikifungue, mwanangu. Gesi ikitoka, usinitafute."

Maneno hayo yalimpita Kivuli masikioni kama ya mtu asiyemjua, ingawa yalikuwa yake mwenyewe. Tapeli hana muda wa kukagua, ana haraka asikaguliwe. Alikipakia kwenye mkokoteni, akakisukuma nyumbani kwa wimbo, nacho kikidondosha maji njia nzima.

Mkewe alikuwa amepiga deki, amewakusanya majirani, amevaa gauni zuri. Kiyoyozi kikawekwa juu ya kabati, kikawashwa, kikapuliza. Watu walipiga vigelegele. Mke alimshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu habari ya friji.

Upepo ukawa vuguvugu. Kisha ukawa wa moto.

"Mume wangu," mke alisema, "mbona kitu chako kinajikojolea?"

Maji yalikuwa yameshuka kabatini, yameenea sakafuni. Chumba kizima kilinuka samaki. Kivuli alikifungua kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na mashine. Mlikuwa na feni ndogo ya mezani, trei ya bati, na kipande cha mwisho cha barafu kikubwa kama kidole gumba. Wote walikitazama mpaka kikaisha.

Asubuhi mkewe aliondoka kwenda kwa mama yake. Hakugomba. Aliichukua ile feni, kwa kuwa ilikuwa nzima.

Kivuli alivuka barabara huku damu ikimchemka. Mama Maharusi alikuwa uani, magari yake yamepangwa juani, yameoshwa mafuta yale yote, yanang'aa kuliko siku yalipotoka kiwandani. Wateja walikuwa wamejaa, na katikati yao walisimama madereva wa teksi na vikopo vyao mkononi. Nta ilikuwa haijakomaa bado, nao walikuwa wamekuja kuuliza.

"Mama, umenitapeli!" Kivuli alinong'ona kwa nguvu.

"Shika adabu, mwanangu," mama alijibu kwa upole. "Muuza barafu wa soko la samaki ni mdogo wangu, tumbo moja. Mtu anayenunua barafu bila samaki hamsahau." Kisha akapaza sauti. "Jamani, fundi mwenyewe huyu hapa! Ameniambia nyumbani kwake joto limemshinda. Nami nashangaa, joto gani, na nta anayo?"

Dereva wa kwanza alisogea. Alikuwa ameshika jeki.

"Hata mimi nauliza," alisema. "Inafanya kazi, au haifanyi?"

Kivuli alimtazama dereva, akatazama jeki, akatazama kule ilikopita njia ya kwenda kwa mama mkwe. Mama Maharusi alifungua mlango wa gari refu jeupe lililoshinda juani tangu asubuhi, akampangusia kiti kwa glavu.

"Kaa, mwanangu, watu waone. Vioo nitafunga mimi."

Aliketi. Mlango ukafungwa, vioo vikapanda. Kiti kilimchoma hadi mfupani, hewa ikamkaba koo, na kwa mara ya kwanza maishani Kivuli akawa juani peke yake, hana pa kuhamia. Nyuso zikajipanga dirishani. Dereva aligonga kioo kwa jeki.

"Vipi humo ndani?"

Jasho lilimshuka usoni, likamwingia machoni, likachanganyika na maji mengine yaliyokuwa yakitoka humo. Mbele yake dashibodi iling'aa bila punje ya vumbi, kazi ya mikono yake mwenyewe, kazi nzuri kupindukia, na hakuna aliyekuwa ameilipia.

"Baridi," Kivuli alisema. "Baridi sana."

"Mbona analia?" dereva aliuliza.

"Siyo machozi hayo," Mama Maharusi alisema, akivaa miwani yake apate kuona vizuri. "Nta inamkamua."