Yungiyungi Jekundu

Jumatatu, 3 Machi
Kuna mtu bwawani! Binti mmoja, buti za mpira hadi magotini, wavu mkononi, trei nyeupe ya kumwagia anachovua. Mtafiti. Anaorodhesha kila mmea na kila kiumbe cha bwawa lililo nyuma ya nyumba yangu. Nikajitolea kumshikia trei. Viluwiluwi, konokono, vidudu vyenye miguu kama nyuzi. Kisha nikamkaribisha chai sebuleni. Kikombe cha pili hakijatoka kabatini tangu mke wangu afariki. Ilibidi nikisuuze mara mbili. Anasema atamaliza Jumatano. Jumatano!

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu, Fundi Redio, kajipenyeza. Kaja na kereng'ende ndani ya chupa, akashukuriwa mno. Kereng'ende! Hata jikoni kwangu wanaingia bila kubisha hodi. Mimi nikapewa kamba ya kupimia bwawa nishike. Ila nimedaka neno: kikionekana kitu kipya, mtafiti hana budi kurudi siku kadhaa kukichunguza. Jioni nimenunua kobe sokoni.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri nimemtia kobe majini. Kumbe ni wa nchi kavu! Akazama kama tofali. Nikamfuata na suruali yangu ya harusi, tope hadi kifuani. Fundi Redio akanikuta, akauliza kulikoni. Nikamwambia naoga. Kobe ni mzima, yuko chini ya kitanda, kaninunia.

Mvua ikaniokoa: mtafiti kaahirisha hadi kesho. Mchana simu ikalia. Binti yangu! Kumbe alikuwa anamtafuta fundi bomba, akabonyeza jina langu. Akasema atanipigia baadaye. Nimekaa kando ya simu hadi giza likaingia. Inauma, sitaficha.

Alhamisi, 6 Machi
Karata ya mwisho. Nimechukua ua la plastiki la sebuleni, nikalifunga kwenye matete katikati ya bwawa. Kwa mbali, yungiyungi jekundu kabisa! Mtafiti akaliona, akashika kinywa. Fundi Redio akanywea. Raha iliyoje! Mtafiti akaingia majini hadi kiunoni, akalishika, akaligeuza. Akaangua kicheko. Akasema ua hili anakumbuka, Jumatatu lilikuwa mezani pangu, karibu na sukari.

Nilitamani ardhi inimeze. Wala hakunifokea. Alisema, baba, kama nilitaka mtu wa kunywa naye chai, si ningesema tu? Akanipa namba yake, nimpigie wakati wowote, hata kama sina jipya. Fundi Redio naye akadakia kwamba yeye yuko hapo ng'ambo ya ukuta miaka yote, chai anakunywa, na hajawahi kualikwa. Anapenda kujipendekeza huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Bwawa kimya. Nyumba kimya. Kobe kimya. Nimeshika simu asubuhi nzima. Nimpigie mtafiti nimwambie nini? Hujambo? Mtu mzima hasumbui watu kwa hujambo tupu. Fundi Redio anapitapita mlangoni kwangu akikohoa, kashika pakiti ya majani ya chai. Ana lake jambo. Nimefunga dirisha.

Lakini nimepata! Chura ninaye, yuko ndani ya ndoo. Na ile rangi ya buluu ya mlango ilibaki kidogo. Madoa yakikauka tu, nampigia.