Mikono Miwili na Shubiri Moja

Jumatano, 10 Julai 1957

Springi ya nyuma imekatika! Upande wa kulia. Nilikuwa nateremka milima ya Uporoto na viazi. Mwanakhamisi, mke wangu, anasema magunia yalizidi. Sikubali. Gari langu ni boksibodi, lina sanduku la mizigo nyuma. Kama halikutaka mizigo lingezaliwa baiskeli.

Nimeingia Mwanjelwa gari limelala ubavu, viazi vinadondoka kimoja kimoja, watoto wanaokota nyuma yangu. Makame alikuwa mlangoni pa duka lake la nguo. Kaniuliza kwa upole kama nimechoka kuendesha wima. Huyu Makame ana lori. Isitoshe, alimposa Mwanakhamisi kabla yangu. Mambo hayo mawili hajawahi kunikumbusha. Nayakumbuka mwenyewe kila nikimwona.

Lakini hapana neno. Ijumaa tarehe 26 ndiyo harusi ya Mwanahawa, mdogo wake mke wangu, huko Iringa. Nimeshaapa mbele ya wakwe kwamba bibi harusi atapanda gari langu. Na Mwanakhamisi ndiye dada mkubwa, ndiye wa kumpaka hina. Siku bado zipo. Nalala.

Alhamisi, 11 Julai

Fundi Asukile kaifungua springi, kailaza chini, kaitazama kama maiti. Majani saba, vile vibamba vya chuma vilivyopangana. Jani kubwa limekatika karibu na jicho, lile tundu la kuishikizia kwenye gari, mengine yamechoka. Duka la spea wanasema Mbeya hakuna, waagize Dar es Salaam, mwezi ujao Mungu akipenda. Asukile anasema Iringa zipo, kwa walowezi wa tumbaku magari kama langu ni mengi. Nipeleke springi yenyewe iwe sampuli. Chuma hakisemi uongo, kasema.

Kupeleka chuma! Yaani nikipitishe stendi ya malori, mbele ya Makame, mji mzima ujue nimekatikiwa. (Mji mzima unajua. Lakini hauna ushahidi.) Nitapeleka kipimo tu. Kipimo hakionekani na mtu.

Mwanakhamisi kashauri niazime ile yadi ya mbao ya kupimia vitambaa dukani kwa Makame. Yadi ya Makame! Afadhali nitembee kwa miguu. Nimepima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama walivyopima babu zetu. Mikono miwili na shubiri moja. Mkono huu umepima kamba na tumbaku dukani kwangu miaka yote. Haujapata kunitia hasara.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi kaja Mama Atuganile na kamba yake ya ng'ombe. Juzi nilimuuzia mikono kumi. Anadai kwake ni minane. Kauweka mkono wake sambamba na wangu juu ya kaunta, mbele ya wateja, kasema wangu ni wa mtoto anayenyonya. Nimemweleza kwamba katani husinyaa kwa baridi. Kasimama tu, mpaka nikamwongezea.

Humu naweza kusema kweli. Mkono wangu mfupi ni neema ya Mungu. Marehemu baba aliuza kamba hizi hizi kwa mkono mrefu, akafa maskini.

Mchana nimempata Liberatus, dereva wa lori la Iringa. Nimempa ujumbe kwa shemeji Kudra, kaka yake Mwanakhamisi: atafute springi ya nyuma, mikono miwili na shubiri moja, majani saba. Liberatus kayarudia maneno hadi yakamkaa. Kijana ana kichwa. Mwanakhamisi alikuwa anapeta mchele. Kauliza, mkono wa nani? Nimemjibu mkono ni mkono. Kaendelea kupeta.

Alhamisi, 18 Julai

Imefika! Liberatus kaishusha yeye na utingo wake, wote wawili wanahema. Nimefurahi kuona ilivyo nene. Shemeji hakunipunja.

Asukile kailaza kando ya ile ya zamani. Mpya imeizidi ya zamani kwa shubiri nzima, na zaidi. Asukile kasema hii ni springi ya lori. Nimehesabu majani. Saba! Nikasema basi Kudra ni mzembe, kazi ndogo namna hii imemshinda. Mwanakhamisi kaniuliza taratibu kama namkumbuka kaka yake. Kudra. Yule anayeinama kwenye kila mlango. Yule ambaye kanzu ya dukani humfikia magotini.

Sasa namkumbuka.

Jumamosi, 20 Julai

Nilimwambia Asukile aikate. Kakataa. Ukikata springi umekata jicho, na bila jicho itashikwa na nini? Nikasema basi aifunge hivyo hivyo, aiongezee vyuma vya kuning'inizia. Kafunga, lakini kaapa kwamba mtu akiuliza, yeye leo hakuwapo.

Nimelijaribu gari. Tako limepanda juu upande mmoja, pua chini kama kuku anayedonoa. Taa zinamulika matairi. Kila nikishika breki nateleza hadi kwenye usukani. Nimefika sokoni tu, nikarudi. Makame kasema mashallah Yunusu, gari lako limeanza kusujudu. Watu wamecheka sana. Sikuona cha kuchekesha.

Jioni Asukile kaifungua. Imelala mlangoni kwangu, wapita njia wanajikwaa.

Jumatatu, 22 Julai

Baada ya Alasiri Makame kaja barazani. Kanzu imepigwa pasi. Kasema keshokutwa anawapeleka waalikwa Iringa kwa lori, na nafasi ya Mwanakhamisi ipo mbele, kando ya mama yake Makame. Heshima zote. Nami nafasi ninayo, nyuma. Nimemshukuru. Nimemwambia gari langu litakuwa tayari. Ndani nikasikia mfuniko wa sufuria unaanguka.

Chakula kimekuja hakina chumvi. Nikauliza chumvi iko wapi. Kanijibu iko garini, litakapokuwa tayari ataileta.

Baadaye nimemkuta amekaa juu ya sanduku lake. Limeshafungwa, na kikapu cha hina juu ya mapaja. Analia bila sauti. Mama yao amekufa, kasema, nani mwingine wa kumshika Mwanahawa mkono siku hiyo? Iliniuma. Iliniuma kweli. Nimemwahidi kwamba nina mpango. Kalia zaidi.

Jumanne, 23 Julai

Lori la Makame limekatika springi! Ya nyuma! Alikuwa anavuka mtaro akienda kujaza petroli. Nimesikia habari nikiwa dukani, nikamwongezea mteja mkono mzima wa kamba kwa furaha.

Furaha haikudumu. Bila lori hapana Iringa. Nilikuwa bado nalitafakari hilo Asukile akaingia, mikono ina grisi. Ile springi iliyolala mlangoni kwangu, kasema, ni ya lori la Makame hasa. Kaipima, tundu kwa tundu. Kama imeagizwa.

Nimemwambia nitafikiri. Mtu hafungui mkono hivi hivi. Nikaenda msikitini mapema kupanga masharti yangu. Kwanza, Makame aje aombe kwa mdomo wake, mbele za watu. Pili, nikae mbele. Tatu, tukiingia Iringa isemwe kwamba lori ni letu sote. Nimesali nikiwa na masharti matatu, nimetoka nikiwa na matano.

Nimerudi, springi haipo! Mwanakhamisi kampa Asukile tangu nilipovaa kofia. Ilikuwa imeshafungwa kwenye lori. Kasema ameitoa yeye kwa sababu ilinunuliwa na kaka yake. Masharti yangu matano nimeyafuta moja moja mpaka Isha.

Alhamisi, 25 Julai. Iringa

Nimekuja nyuma, pamoja na waalikwa na beberu la harusi. Jana tumelala Makambako. Baridi ya Sao Hill iliniingia masikioni, beberu akala ukili wa kofia yangu. Springi haikulia hata mara moja. Nilitamani ilie kidogo.

Tumefika kabla ya Magharibi. Mwanahawa katoka mbio, hakujali kwamba bibi harusi hatakiwi kuonekana. Yeye na dada yake, mmoja kizingitini na mmoja chini. Wameshikana pale mlangoni, mtu asiweze kuingia wala kutoka. Nami nilifuta macho. Vumbi la njiani.

Kisha Kudra. Kainama, katoka, kauliza springi imekaaje. Makame kawahi kujibu kwamba imekaa barabara. Kudra kafurahi, kasema aliipima mwenyewe mara mbili, hakumwachia mtu. Wazee wakataka kujua habari. Makame akawapa habari yote. Wametulaza mikono juu ya mkeka, wangu na wa Kudra, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyangu vimeishia kwenye kifundo cha mkono wake. Mzee mmoja kamwaga chai.

Ndani hina inapakwa, wanaimba. Namsikia Mwanakhamisi anacheka. Muda mrefu sijaisikia sauti hiyo.

Jumanne, 30 Julai. Mbeya

Tumerudi salama. Harusi ilipendeza. Bibi harusi alipanda lori la Makame, limepambwa khanga mbele na nyuma. Mimi nilimfungulia mlango. Hakuna aliyeuliza springi ni ya nani. Hata hivyo niliwaambia.

Kudra tumekuja naye kutembea. Kesho anarudi na Liberatus, na ameahidi kunitafutia springi yangu. Asukile kaleta ile ya zamani ndani ya gunia, kaifunga kwa kamba iliyonunuliwa kwangu, kamba haikutosha kuzunguka. Kasema mpe shemeji chuma chenyewe. Makame naye, bila kuombwa, kanitumia ile yadi yake ya mbao. Vyote viwili vimesimama mlangoni vinanitazama.

Watu wanadhani sijifunzi. Nimejifunza! Kosa langu nimeliona: mkono. Mikono ya watu hailingani, na mtu mwenye akili hawezi kuutegemea tena maishani, isipokuwa dukani. Yadi nimeirudisha kwa Makame pamoja na salamu. Chuma nimekiingiza uvunguni. Lakini kwanza nilivua viatu, nikakipima sawasawa, kisigino kwa kidole, bila haraka.

Nyayo tano kasoro kidogo. Majani saba.

Nimempa Kudra kipimo, kakirudia hadi kikamkaa. Mwanakhamisi alikuwa anapita na birika. Kasimama, kaitazama miguu ya kaka yake kwa muda mrefu, kisha kaingia jikoni na kufunga mlango. Nadhani safari hii ameridhika.